Je, Yafaa Kumwambia Mfiwa Asahau?

Mwaka 2021 sisi watu wa Banalia tulizika watu wengi mno. Ugonjwa ulianza katikati ya mwaka: homa kali, kichwa kuuma, shingo kukakamaa, na wengi walikufa kabla ya kupelekwa popote. Wengine walisema ni malaria, wengine wakanong'ona habari za uchawi. Mwezi wa Septemba, baada ya maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa kuchunguzwa katika Institut Pasteur ya Paris, serikali ilitangaza kwamba ni homa ya uti wa mgongo, ile iitwayo menenjite. Chanjo ikaletwa, na kuelekea mwisho wa mwaka ugonjwa ukazimika. Lakini walioandikwa kuwa wagonjwa walikuwa wamezidi 2,500, na waliokufa walizidi 200.

Siku zile mimi katekista nilikaa katika matanga mengi. Mama mmoja alikuwa amezika watoto wawili katika mwezi mmoja. Nikamwambia maneno ambayo mimi mwenyewe niliyasikia matangani tangu utoto wangu: “Mama, jikaze. Usifikiri tena mambo hayo. Sahau.” Naye akaitikia kwa adabu, “Ndiyo, Mwalimu.”

Miezi ikapita. Dominika moja alinijia nyuma ya kanisa, misa imekwisha, akasema, “Mwalimu, ulinipa kazi ya kusahau, nami nimeifanya kila usiku. Nikiyafukuza mawazo yanarudi, na yakirudi huwa mengi kuliko kwanza. Je, nimekosa wapi?” Mimi niliyesoma seminarini miaka kadhaa sikuwa na neno la kumjibu.

Tangu siku ile nimetafuta kujua yale ambayo wataalamu wamegundua juu ya mawazo yasiyofukuzika. Habari nilizozipata ni historia ndefu. Inapita jangwa la Misri, nyumba za watawa wa Asia na hospitali za Marekani, hata inafika katika kambi moja ya wakimbizi huko Uganda, si mbali na mpaka wetu wa Aru. Naileta hapa kwa sababu nadhani kosa langu si langu peke yangu. Wengi wetu tunalifanya kila tunapoketi matangani.

DUBU MWEUPE

Tuanze na jaribio moja dogo. Mwaka 1987 mwalimu mmoja wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mienendo ya watu, alitoa habari za jaribio hilo pamoja na wenzake. Jina lake Daniel Wegner, naye alikuwa akifundisha katika chuo cha Trinity mjini San Antonio, katika jimbo la Texas, Marekani. Wazo la jaribio alilipata kwa mwandishi Mrusi Dostoevsky, ambaye mwaka 1863 aliandika kwamba mtu akijikataza kumfikiri dubu mweupe, dubu huyo atamjia kila dakika. Dubu ni mnyama mkubwa mwenye manyoya mengi, na huyo mweupe hukaa katika nchi za barafu.

Wegner aliwaita wanafunzi mmoja mmoja. Akawaambia waseme kwa sauti kila linalowapitia akilini kwa muda wa dakika tano, ila tu wasimfikiri dubu mweupe; na kama wazo la dubu likiwajia, wapige kengele. Kengele zikalia tena na tena. Kisha akawapa ruhusa: sasa wamfikiri dubu wapendavyo. Hapo ndipo ilipoonekana ajabu. Wale waliokatazwa kwanza walimfikiri dubu mara nyingi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo lililofungiwa mlango lilikuwa limekaa nje likingoja.

Mimi nilijaribu jambo hilo kwa vijana wa mafundisho. Niliwaambia, “Kwa kitambo kidogo msifikiri kabisa mtumbwi mwekundu.” Wakakaa kimya. Halafu mmoja akaanza kucheka, na mara wote wakacheka. Kila mmoja alikuwa ameuona mtumbwi mwekundu, ingawa mimi katika mto wetu wa Aruwimi sijapata kuona hata mmoja.

Basi tufikiri sasa. Ikiwa wazo la dubu, ambaye si ndugu wa mtu, halifukuziki, litafukuzikaje wazo la mtoto uliyemzaa, ukamnyonyesha, ukamfunika udongo kwa mikono yako? Yule mama hakukosa neno. Aliyekosa ni mwalimu wake, aliyempa kazi isiyofanyika.

WATAWA WA JANGWANI

Kumbe jambo hili lilijulikana zamani sana, tena katika bara letu la Afrika. Katika karne ya nne watu wengi walikwenda kukaa katika majangwa ya Misri ili wasali. Walidhani wakiacha mji wataacha na fujo ya mji. Lakini walipokuwa peke yao ndani ya vibanda vyao waliona kwamba fujo wamekuja nayo, maana ilikuwa ndani ya vichwa vyao.

Mmoja wao, Evagrio wa Ponto, aliyekufa huko Misri mwaka 399, aliandika habari za mawazo hayo kwa uangalifu mkubwa. Mafundisho yake mengine Kanisa halikuyakubali, lakini katika jambo hili wengi walijifunza kwake. Alihesabu mawazo manane yanayomsumbua mtawa, na mojawapo ni huzuni. Tena hakusema tu, “Yafukuze.” Alimshauri mtawa ayaangalie mawazo yake kama mlinzi: yanakuja saa gani, yapi hutangulia, yapi hufuata, yapi huja kwa nguvu na yapi kwa udhaifu. Yohane Kasiano, aliyekaa na watawa hao wa Misri, alipeleka mafundisho yao Ulaya, na kama mwaka 415 alianzisha nyumba za watawa huko Marseille. Naye alifundisha kurudia mstari mmoja mfupi wa Zaburi, asubuhi na jioni, kazini na kitandani, ili moyo uwe na mahali pa kurudia kila unapopotea.

Watawa hao hawakuwa wanasaikolojia. Lengo lao lilikuwa sala, si usingizi mzuri. Lakini walijua kwamba wazo likiangaliwa kwa utulivu hupoteza sehemu ya nguvu zake.

NENO LILILOTOKA ASIA

Huko Asia nako, karne nyingi kabla yao, wafuasi wa Buddha walikuwa na mazoezi ya namna yao. Mtu huketi, huiangalia pumzi yake ikiingia na kutoka, na akili ikikimbia huirudisha pole pole bila kujilaumu. Au hutembea akiangalia nyayo zake zikigusa ardhi. Katika lugha yao ya Kipali jambo hilo huitwa sati, neno ambalo asili yake ni kukumbuka. Mwaka 1881 Mwingereza T. W. Rhys Davids, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa serikali huko Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, alilitafsiri kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuwa mwangalifu. Neno hilo ndilo wataalamu wanalolitumia hata leo. Sisi tunaweza kusema uangalifu wa moyo: kuuweka moyo pale ulipo mwili.

Kwa muda mrefu mazoezi hayo yalikuwa zaidi kazi ya watawa. Katika karne ya ishirini, hasa huko Burma, walimu walianza kuwafundisha watu wa kawaida, wakulima na wafanyakazi wa maofisi. Kutoka huko, wageni wa Ulaya na Marekani walijifunza, wakarudi nayo kwao.

Mmoja aliyejifunza alikuwa Jon Kabat-Zinn, Mmarekani mwenye elimu ya viumbe hai. Mwaka 1979 alifungua darasa katika hospitali ya chuo cha udaktari cha Massachusetts, katika mji wa Worcester. Aliwaomba madaktari wampe wagonjwa ambao dawa zilikuwa zimewashinda, hasa wenye maumivu ya miaka mingi: mgongo, shingo, kichwa. Hakuwafundisha dini. Aliwafundisha kulala chali na kuuangalia mwili sehemu kwa sehemu, toka vidole vya miguu hata utosini, wasiyakimbie maumivu wala wasipigane nayo. Aliwapa zabibu kavu moja, akawaambia waitazame, wainuse na kuitafuna pole pole, kama watu ambao hawajapata kuona zabibu maishani mwao. Darasa lilipokwisha kutengenezwa vizuri likawa la majuma manane.

Hapa msomaji ataniuliza, “Mwalimu, je, kitu kilichotoka katika dini nyingine chatufaa sisi?” Swali hilo ni la haki. Tarehe 15 Oktoba 1989 idara ya Roma inayolinda mafundisho ya imani ilitoa barua kwa maaskofu juu ya namna za kutafakari. Barua hiyo haisemi kwamba njia za dini nyingine zitupwe kwa sababu tu si za Kikristo. Lakini inaonya kwamba utulivu wa mwili si kitu kimoja na faraja ya Roho Mtakatifu, na kwamba sala si ufundi wa kujistarehesha. Basi tuelewane tangu sasa. Katika habari hizi sisemi juu ya sala. Nasema juu ya zoezi la akili, kama vile kunyosha mgongo ni zoezi la mwili. Aliyepata usingizi aweza kusali vizuri zaidi, lakini usingizi si sala.

KUPIMA KWA MIZANI

Jambo jema la wataalamu ni kwamba hawatosheki kusikia, “Nimepona.” Wanapima. Mwaka 1982 Kabat-Zinn alitoa habari za wagonjwa 51 wa maumivu ya muda mrefu. Wagonjwa 65 katika kila 100 walisema maumivu yao yamepungua kwa theluthi moja au zaidi. Ni habari njema. Lakini hakuwapo kundi la pili la kulinganishwa nao, na maumivu hupanda na kushuka yenyewe. Mkulima akitia mbolea shamba lote hawezi kujua kama ni mbolea au ni mvua iliyomletea mavuno. Ni lazima aache kipande kimoja bila mbolea.

Kipande hicho kiliachwa na wengine. Mwaka 2000 wataalamu watatu, John Teasdale, Mark Williams na Zindel Segal, pamoja na wenzao, walitoa habari za watu 145 waliokuwa wameugua ugonjwa wa huzuni nzito wakapona. Ugonjwa huo una desturi ya kurudi. Kwa kura, nusu waliendelea na matibabu ya kawaida, nusu wakaongezewa darasa la uangalifu la majuma manane. Wakafuatwa zaidi ya mwaka mmoja. Kati ya wale waliokuwa wameugua mara tatu au zaidi, ugonjwa uliwarudia karibu watu 66 katika 100 wa kundi la kwanza, lakini karibu 40 tu katika 100 wa kundi la darasa. Ila kwa wale waliougua mara mbili tu, darasa halikuonyesha faida.

Baada ya hapo jambo likawa kama mtindo. Vitabu, makampuni na shule, kila mahali uangalifu wa moyo ulisifiwa kuwa dawa ya kila kitu. Ndipo wataalamu wenye kichwa kitulivu walipokaa kuhesabu. Mwaka 2014 majaribio 47 yenye watu 3,515 yalikusanywa pamoja na kuchunguzwa. Ilionekana kwamba mazoezi hayo hupunguza kiasi wasiwasi, huzuni na maumivu. Lakini haikuonekana kwamba yanashinda njia nyingine za matibabu, kama dawa au mazoezi ya mwili. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la shule za Uingereza, lenye watoto zaidi ya 8,000. Watoto waliofundishwa uangalifu hawakuwa na hali bora kuliko wenzao waliofuata masomo yao ya kawaida.

Nimeeleza haya kwa makusudi. Huku kwetu tumekwisha kuona wauzaji wengi wa dawa ya kila ugonjwa, wa chupa na wa maneno. Anayekwambia kipimo halisi cha dawa yake ndiye wa kusikilizwa.

KAMBI YA RHINO CAMP

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mwezi Julai 2016 vita viliwaka tena mjini Juba, Sudani Kusini, na watu wengi walikimbilia Uganda. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Sudani Kusini waliokuwa Uganda walizidi milioni moja. Wengi walipewa makao katika nchi ya West Nile, inayopakana na Kongo yetu upande wa Aru. Makao mojawapo huitwa Rhino Camp. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Kuna waliozika waume njiani, na kuna wasiojua hata leo kama waume zao wamezikwa.

Madaktari wa akili kwa watu wengi hivyo wangetoka wapi? Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetengeneza mafunzo yasiyohitaji daktari. Yalifuata mafundisho ya Mmarekani Steven Hayes, ambaye mwaka 1999 pamoja na wenzake wawili alitoa kitabu juu ya njia ya kuikubali huzuni badala ya kupigana nayo, na wakati huo huo kuendelea kutenda yale mtu anayoyathamini. Uangalifu wa moyo ni sehemu kubwa ya njia hiyo. Mafunzo yalitiwa katika sauti iliyorekodiwa, pamoja na kitabu cha picha. Wanawake kama 20 au 30 walikutana mara tano, kila mara karibu saa mbili. Waliowaongoza hawakuwa waganga, walikuwa wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Lugha ilikuwa Kiarabu cha Juba, wanayoisema sokoni na jikoni.

Walifundishwa nini? Kwanza, kutia nanga dhoruba inapokuja: kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili, kuvuta pumzi pole pole, kutazama yaliyopo, huu mti, hii sauti ya kuku, huyu mtoto aliye mbele yangu. Pili, kulitambua wazo na kulitaja: hapa pana wazo la siku ile, hapa pana huzuni. Mtu halifukuzi wala haburuzwi nalo. Tatu, kuchagua tendo moja dogo linalopatana na yale ayapendayo, akalitenda hata kama huzuni ipo. Nne, kujihurumia na kuwahurumia wengine. Tano, kuiachia nafasi huzuni isiyoondoka, kama vile tunavyomwachia nafasi mgeni asiyealikwa aliyekwisha kuketi.

Nasi tuone mizani ilisema nini. Vijiji 14 vilipigiwa kura. Katika 7, wanawake 331 walipata mafunzo hayo. Katika 7 vingine, wanawake 363 walipata ziara ya mshauri wa afya na maelezo ya mahali pa kupata msaada. Jumla wanawake 694. Waliulizwa maswali sita juu ya wasiwasi, huzuni na kukata tamaa, na majibu yakapewa alama toka 0 hata 24. Mara tu baada ya mafunzo, waliofundishwa walikuwa na nafuu iliyo wazi kuliko wenzao. Baada ya miezi mitatu tofauti ilikuwa imepungua, ikabaki kidogo zaidi ya alama moja. Matokeo hayo, yaliyoongozwa na Wietse Tol pamoja na wenzake, yalitangazwa mwaka 2020.

Alama moja! Mwingine atacheka. Lakini fikiri: mikutano mitano, bila daktari, kwa wanawake walio katika mahema, ambao chakula chao hakikuongezeka wala waliokufa hawakufufuka. Nafuu hiyo ni ndogo, lakini ni ya kweli. Kwingine mizani ilitoa hesabu tofauti. Katika Uturuki, jaribio lililotangazwa mwaka 2022 kwa wakimbizi Washami 642 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokuwa na ugonjwa wa akili walikuwa karibu 22 katika 100 kwa waliofundishwa, na karibu 41 katika 100 kwa wasiofundishwa. Katika nchi tano za Ulaya, jaribio la 2021 lilionyesha faida mara baada ya mafunzo, lakini baada ya miezi sita haikuonekana tena. Basi faida hubadilika kwa watu na mahali.

MAHALI ZOEZI LINAPOKOMA

Ni lazima niseme pia yale ambayo zoezi hili haliwezi. Menenjite huacha wengine viziwi, na wengine wakiwa na kifafa. Hao njia yao ni hospitali, wala asiwepo katekista wa kuwaambia waangalie pumzi zao. Mtu anayesema anataka kujiua, au asiyekula wala kulala kwa majuma, au anayesikia sauti zisizokuwapo, apelekwe kwa mganga bila kukawia.

Tena kuna majeraha ya moyo yanayohitaji msaada mkubwa zaidi. Katika Kongo yetu, huko Kivu, wanawake walioteswa na watu wenye silaha walipewa mafunzo ya namna nyingine: mkutano mmoja wa faragha na mikutano 11 ya kundi, ambamo walisaidiwa kuyachunguza mawazo kama, “Mimi ndimi mwenye kosa.” Matokeo yalitangazwa mwaka 2013 na Judith Bass na wenzake. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 katika 100, wakati kati ya waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja walikuwa 42 katika 100. Na walioendesha mafunzo walikuwa wasaidizi wa kawaida, wenye masomo ya sekondari tu, wakifundishwa na kusimamiwa vizuri. Hapo wazo halikuangaliwa tu, lilijibiwa. Uwongo uliomo ndani yake ulitolewa nje.

Halafu yapo yale yasiyo ya moyo peke yake. Wazee wetu waliona mwaka 1964, wakati wa waasi wa Simba, wamisionari pamoja na watoto wakiuawa hapa Banalia, na raia wengi wakikimbilia msituni. Watu wa Kisangani waliona siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana kwa mizinga ndani ya mji wao. Mwaka 2023 watu wa Lubunga walikimbia ugomvi wa Wambole na Walengola juu ya ardhi. Kumwambia mtu aliyenyang'anywa shamba atulize pumzi tu, bila kumtafutia haki, ni kumdhihaki. Na ugonjwa wa 2021 haukuzimwa na utulivu wa moyo. Chanjo na dawa zilifanya kazi hiyo.

TUSEME NINI MATANGANI?

Basi narudi kwa yule mama. Nilikwenda kwake jioni moja, nikamwambia kwamba nilimpa kazi isiyowezekana, na kwamba kosa lilikuwa langu. Alinitazama kwa muda, kisha akaanza kuwataja watoto wake kwa majina: nani alipenda samaki, nani alikuwa mvivu wa kuteka maji. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia majina yale tangu maziko. Mimi ndiye niliyekuwa nimeyafunga kwa neno lile, “Sahau.”

Baadaye nilimweleza mambo ya wanawake wa Rhino Camp: nyayo chini, pumzi, kulitaja wazo, kisha tendo moja dogo. Tendo alilochagua yeye ni kumfundisha binti wa jirani kusuka mikeka, kama alivyokuwa akimfundisha wake. Sisemi kwamba amepona. Anasema ziko siku analala na ziko siku halali. Lakini anasema sasa mawazo yakija usiku hayamkuti tena akipigana peke yake gizani.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Ndugu msomaji, siku utakapoketi tena na mfiwa, usimpe kazi ambayo wewe mwenyewe huiwezi. Usimwambie asahau. Muulize jina la marehemu, halafu ukae kimya usikilize. Kama pumzi yake imepanda, mshike mkono, mkumbushe ardhi iliyo chini ya miguu yake. Kesho yake umletee maji, au kuni, au umpeleke hospitali kama yapasa. Mambo hayo hayahitaji chuo. Wanawake wa Rhino Camp waliyajifunza wakiwa wameketi pamoja, nasi twaweza kuyajifunza matangani kwetu.